Mgeni aliyekaa miaka mingi kwetu: huduma gani za serikali zinamhusu, na zipi hazimhusu

Kila tunapofanya kipindi kuhusu TASAF, bima ya afya au mikopo ya halmashauri, simu inayofuata huwa ileile. Mtu anapiga kutoka Ololosokwan, Mang'ola au Endulen, anasalimia vizuri, kisha anashusha sauti. Mke wangu hakuzaliwa upande huu. Au: mzee wetu aliingia nchini kijana, sasa ana wajukuu. Je, na yeye anahusika?

Wengi huuliza kwa woga. Wanahofia kwamba kuuliza tu kutawaletea maofisa wa Uhamiaji mlangoni. Ndiyo maana tumeona tuandike maelezo haya marefu, ili mtu ayasome kwenye simu yake, pole pole, bila kumwuliza mtu yeyote kwanza.

Swali hili ni kubwa kwetu kuliko linavyoweza kuonekana huko mijini. Mpaka wetu na Kenya ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa makubaliano ya mwaka 1886 na 1890, na mstari ukapita katikati ya malisho. Waloita wako Narok na wako Loliondo. Mnada ukiwa upande wa pili, ng'ombe wanavuka. Sherehe ikiwa upande wa pili, watu wanavuka. Na binti akiolewa, anavuka akiwa na shanga zake na bila karatasi hata moja. Karatu nako kuna historia yake. Mashamba ya kahawa ya Oldeani yalianzishwa na walowezi wa Kijerumani, na vibarua walitafutwa kutoka mbali. Leo vitunguu vya Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, vinavuta watu kutoka kila upande, na hoteli za Karatu zinaajiri wageni wenye vibali na wengine, tuseme ukweli, wasio navyo.

Kwanza ujue uko kundi gani

Sheria haikuulizi umekaa miaka mingapi tu. Inakuuliza umekaa kwa hadhi gani. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, inasajili watu wa aina tatu wenye umri wa miaka 18 na kuendelea: raia, mgeni mkaazi, na mkimbizi. Kila mmoja ana kitambulisho chake. Watu wengi hawajui kwamba mgeni mwenye kibali halali cha kukaa naye anasajiliwa na NIDA na anapewa kitambulisho cha mgeni mkaazi. Wanadhani NIDA ni ya raia peke yake, hivyo wanaona njia pekee ya kupata namba ni kudanganya.

Kuna kundi la nne ambalo halina kitambulisho, nalo ndilo linalotupigia simu usiku. Ni mtu aliyeingia bila kibali, au kibali kikaisha zamani, akaoa au akaolewa, akalima, akachangia ujenzi wa darasa na choo cha zahanati, na kila mtu kijijini anamjua. Kwa majirani ni mwenyeji kabisa. Kwa sheria ya uhamiaji ni mtu aliyeko nchini bila ruhusa. Mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na matatizo mengi tunayoyaeleza hapa chini yanaanzia hapo.

Mwanajumuiya wa Afrika Mashariki naye asijidanganye. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi tarehe 1 Julai 2010, na imerahisisha kuvuka mpaka, kutafuta kazi na kuomba ukaazi. Haikufuta vibali. Muhuri wa kuingia mpakani ni ruhusa ya kutembelea. Kukaa na kufanya kazi kuna kibali chake.

Huduma ambazo mlango wake uko wazi

Tuanze na zilizo rahisi. Mama mjamzito anayefika zahanati, na mtoto wa chini ya miaka mitano anayepelekwa kliniki, wanahudumiwa bila malipo katika vituo vya umma kwa sera ya msamaha, na muuguzi kazi yake ni kupima, si kukagua uraia. Chanjo ni hivyohivyo. Tunalisema kwa nguvu kwa sababu tunajua wapo akina mama wanaojifungulia nyumbani kwa hofu ya kuulizwa kipande. Hofu hiyo ina hatari kuliko swali lenyewe.

Shule pia. Elimu ya msingi hadi kidato cha nne ilifutiwa ada kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita vikafuata mwaka 2022. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto, na inampa mtoto haki ya jina, uraia na elimu. Mwalimu mkuu ataomba cheti cha kuzaliwa, na ni vizuri kiwepo, lakini kosa la mzazi kutokuwa na kibali halimfukuzi mtoto darasani. Jambo la kuangalia ni jina. Jina litakaloandikwa kwenye mtihani wa darasa la saba ndilo litakalomfuata kijana hadi chuo, kwa hiyo lifanane na la kwenye cheti.

Bima ya CHF iliyoboreshwa imekuwa ikiandikisha kaya kijijini: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na picha zinapigwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inalenga kila anayeishi Tanzania Bara awe na bima. Kwa mwajiriwa mwenye kibali, kwa mfano Mkenya anayefanya kazi katika hoteli ya Karatu, kuna NSSF pia. Anakatwa asilimia 10 kama wenzake, na mwajiri anaongeza asilimia 10. Hiyo ni fedha yake, si msaada wa mtu, na mwajiri anayemwambia "wewe mgeni huna NSSF" anajipunguzia gharama tu.

TASAF

Hapa ndipo maneno yanapokuwa mengi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulianza mwaka 2012 chini ya TASAF, na awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020. Ruzuku inalipwa kwa kaya, si kwa mtu mmoja mmoja. Kaya inatajwa katika mkutano wa kijiji, kisha inajazwa dodoso, kisha orodha inarudishwa mkutanoni ithibitishwe. Sehemu ya fedha inategemea watoto kwenda kliniki na shule.

Sasa tuseme kuna kaya Soitsambu: mume ni raia, amezeeka na haoni vizuri; mke alizaliwa Narok; watoto wanne wamezaliwa hapa. Je, kaya hii inakosa sifa kwa sababu ya mke? Haikosi. Kaya ni ya mkaazi wa kijiji, mume ni raia, watoto ni raia. Shida inakuja kwa jambo dogo: nani atapokea fedha. Mpango hupendelea mama awe mpokeaji, na malipo ya simu au benki yanataka jina, namba ya kitambulisho na laini vifanane. Mama hana NIDA, na laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la shemeji yake. Fedha zinakwama, na maneno yanaanza kuwa "Wakenya hawaruhusiwi TASAF." Katika hali kama hii, mume au mtoto mkubwa mwenye kitambulisho aandikishwe kuwa mpokeaji, na jambo la uraia wa mama lishughulikiwe kwa njia yake.

Kaya ambayo watu wazima wote ni wageni ni habari nyingine. Mkutano wa kijiji unaweza kuwajua na kuwahurumia, lakini karatasi hazitapita. Na mwenyekiti anayeahidi kwamba atazipitisha kwa kiasi fulani cha fedha anawaongezea tatizo, kwa sababu jina lililoandikwa kwa uongo linabaki kwenye kumbukumbu.

Yaliyo ya raia peke yake

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni ya vikundi vya raia. Ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na ukaguzi wa majina umekuwa mkali zaidi. Mwanachama mmoja asiye na kitambulisho cha uraia anaweza kukwamisha wenzake wote. Vikundi vya akina mama wa shanga, tafadhali angalieni hili kabla ya kujaza fomu. Siyo kumfukuza mwenzenu, ni kumweleza mapema abaki kwenye biashara lakini asiwe kwenye orodha ya mkopo.

Mkopo wa elimu ya juu wa HESLB ni wa Mtanzania, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Kupiga kura ni kwa raia. Na ardhi, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kila kitu, imefungwa zaidi ya vyote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo ni ya raia. Mtu anaweza kulima ekari tatu Mang'ola kwa miaka ishirini, amelipa fedha taslimu mbele ya mashahidi, na siku ya mgogoro akakuta hana pa kusimama.

Mke aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mpaka

Watu wengi wanaamini kwamba mwanamke akiolewa na Mtanzania amekuwa Mtanzania. Siyo. Ndoa inampa haki ya kuomba. Haimpi uraia wenyewe.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inasema mwanamke aliyeolewa na raia anaweza kuomba uraia wa tajinisi wakati wowote mume akiwa hai. Someni tena maneno hayo ya mwisho: mume akiwa hai. Mama akikaa miaka 25 bila kuomba, kisha mzee akafariki, njia ya ndoa imefungwa. Atabaki na njia ya kawaida, ambayo ni ndefu na yenye masharti zaidi. Tunaona familia nyingi zinaahirisha jambo hili kwa sababu hakuna haraka. Hakuna anayeuliza karatasi za mama wakati baba yupo. Wanaanza kuuliza kwenye matanga, na mara nyingi wa kwanza kuuliza ni ndugu wa marehemu anayelitaka shamba.

Na ndoa yenyewe inahitaji ushahidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, ya mke mmoja au zaidi, na inataka iandikishwe ndani ya siku 30. Wangapi Loliondo wameandikisha? Wachache mno. Bado inawezekana kwenda kuandikisha ndoa ya zamani kwa msajili wa wilaya, ambaye yuko ofisi ya Katibu Tawala, mkiwa na barua ya mtendaji na wazee walioshuhudia mahari. Mkipata cheti hicho, mmepata ufunguo wa mambo mengi, hata kwa wake ambao ni raia.

Mwanamume hana njia hii. Mgeni aliyeoa binti wa Karatu hapati haki ya kuomba kwa sababu ya mke. Anaomba kama mgeni mwingine yeyote. Tumeulizwa mara nyingi kama hiyo ni haki. Kwa maoni yetu siyo, kwa sababu binti yetu naye ni raia kamili na nyumba yake ina uzito uleule. Lakini ndivyo sheria ilivyo, na mtu ajipange kwa sheria iliyopo.

Jambo jingine ni kwamba Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Kwa hiyo mama akipewa uraia hapa atatakiwa kuukana ule wa kwanza. Kukaa na kipande cha Kenya mfuko mmoja na NIDA ya raia mfuko mwingine ni kosa, hata kama kila kimoja kilitolewa na ofisi halali. Alama za vidole zinahifadhiwa. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia mwisho wake Januari 2020, uliwakumba wengi waliokuwa wamezoea kuishi kwa majina mawili.

Watoto

Mtoto aliyezaliwa Tanzania ambaye baba au mama yake ni raia, ni raia. Mtoto aliyezaliwa Kenya, kwa sababu hospitali ya upande ule ndiyo iliyokuwa karibu siku ya uchungu, naye ni raia kwa kurithi ikiwa mzazi mmoja ni raia wa kuzaliwa. Akiwa mdogo anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili. Akifika utu uzima achague.

Kuna kona moja hapa ambayo familia za mpakani ziangalie. Uraia wa kurithi hauendelei bila kikomo nje ya nchi. Baba aliyezaliwa Kenya akawa Mtanzania kwa kurithi, kisha mtoto wake naye akazaliwa Kenya, mtoto huyo anaweza kukwama. Dawa yake ni rahisi: jifungulieni hapa, na pateni cheti mapema. Mtoto wa chini ya miaka mitano anaandikishwa bure kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Akipita umri huo, mtaanza kutafuta barua, kiapo na kadi ya kliniki iliyoliwa na mchwa.

Aliyekaa miaka mingi bila ndoa

Njia ya kawaida ya tajinisi inataka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi awe amekaa jumla isiyopungua miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na aonyeshe mchango wake kwa nchi. Maombi huanzia ofisi ya Uhamiaji ya wilaya, na mkaaji anajadiliwa kuanzia kijijini kabla jalada halijapanda juu. Malipo yote ya serikali yana namba ya kumbukumbu inayoanza na 99. Mtu akikuomba utume kwenye namba yake ya simu, huyo ni kishoka.

Miaka hiyo saba ni ya kukaa kwa halali. Ndiyo maana kwa mtu wa kundi la nne hatua ya kwanza si fomu ya uraia. Ni kurekebisha ukaazi, na hapo tunashauri asiende peke yake. Aende na mtu wa msaada wa kisheria. Kila halmashauri ina wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na huduma yao ni bure.

Waliopita njia hii kabla yetu

Kesi kubwa kuliko zote nchini ni ya Warundi wa mwaka 1972. Walikimbia mauaji kwao, wakapokelewa na kupewa mashamba Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, ambako leo ni mkoa wa Katavi. Walilima, wakajilisha, wakauza mahindi na tumbaku. Lakini makazi yao yaliongozwa na mkuu wa makazi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, hayakuwa vijiji kama vingine, na mtu alihitaji ruhusa kutoka. Watoto walizaliwa, wakazaa, wote wakiwa wakimbizi.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR wakakubaliana wachague. Wapatao 218,000 waliulizwa. Karibu mmoja kati ya watano alitaka kurudi Burundi. Waliobaki wakaomba uraia. Mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa. Hapo mtu angedhani mambo yameisha. Hayakuisha. Serikali ilitaka kwanza wahame, wasambazwe katika mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti. Wao hawakutaka kuacha mashamba ya miaka 40. Kwa hiyo kwa miaka minne walikuwa wamekubaliwa bila kuwa na karatasi: si wakimbizi kamili, si raia wa kuonyesha cheti kwenye dirisha la ofisi. Mpango wa kuwahamisha uliachwa, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014 chini ya Rais Jakaya Kikwete. Wakapiga kura mwaka uliofuata.

Tumeisimulia kwa sababu ina jambo la kumfaa msikilizaji wetu. Barua ya "ombi lako limekubaliwa" si cheti. Usiuze ng'ombe wako, usiitangazie dunia, hadi cheti kiwe mkononi.

Kenya nako wamepitia yao. Wamakonde, waliotoka Msumbiji miaka mingi iliyopita kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale, walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwezi Oktoba 2016. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho, wakatangazwa kuwa kabila la 43. Desemba 2020 wakafuata Washona, 1,670 kwa idadi, ambao wazee wao waliingia kueneza dini. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi wenye asili ya kisiwa chetu cha Pemba. Miaka yote hiyo mvuvi wa Kipemba alikuwa anajua kila mwamba wa bahari ile, lakini hakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake wala kusajili laini. Kenya ina ruzuku ya Inua Jamii, shilingi za Kenya 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Bila kitambulisho, mzee wa Kimakonde alikuwa anazeeka tu.

Hapa kwetu pensheni ya wazee wote haipo Bara. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea, na huko nako kuna masharti ya ukaazi: Mtanzania wa Bara aliyehamia jana hapokei. Kwa hiyo hata ndani ya nchi moja, kuhama kuna gharama.

Vijana wetu walioko nje

Karatu ni mji wa watalii, na kila mwaka kuna kijana anayeoa au kuolewa akaenda Ulaya. Wazazi wanatuuliza kwa nini hapati msaada wa serikali wakati wanasikia Uingereza inalipa watu. Jibu ni kwamba mtu anayeingia Uingereza kwa viza ya ndoa anakuwa na sharti la kutotumia fedha za umma. Linatokana na sheria yao ya mwaka 1999. Juu ya hapo analipia huduma za afya mapema, pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024. Akikaa, kwa kawaida miaka mitano, na akipewa ukaazi wa kudumu, mlango unafunguliwa. Kwa hiyo mzazi usidhani mwanao amekuwa mchoyo. Huenda anakatwa kodi kama wengine huku msaada ukiwa bado haumhusu.

Ukiwa raia, na kijiji hakipo

Tusiishie kwa wageni, maana Ngorongoro imetuonyesha kwamba hata raia wa kuzaliwa anaweza kujikuta mahali pa mgeni. Kila karatasi tuliyoitaja, kuanzia NIDA na CHF hadi cheti cha ndoa na mkopo, inaanza na barua ya mtendaji wa kijiji. Tarehe 2 Agosti 2024 lilitolewa Tangazo la Serikali namba 673 lililofuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro. Watu waliandamana kwa siku kadhaa, na tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo hilo kwa muda. Vijiji vikarudi kwenye orodha kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba. Kwa wiki hizo chache wakaazi wa tarafa ile walionja hali anayoishi nayo mtu asiye na karatasi kwa miaka.

Na waliohamia Msomera, wilayani Handeni, tangu Juni 2022 wamepewa nyumba na shamba, lakini wajue kwamba usajili hausafiri wenyewe. Kaya iliyokuwa TASAF Ngorongoro lazima iombe kuhamishwa kwenye orodha. Mtoto ahamishwe shule kwa barua. CHF na daftari la wapiga kura vibadilishwe. Aliyebaki na mguu mmoja Endulen na mwingine Msomera anaweza kukuta hayumo kokote.

Mkazi wa tarafa ya Ngorongoro ana shida nyingine ya jiografia: Karatu iko jirani, anauza na kununua huko, lakini wilaya yake makao yake yako Loliondo, safari ya siku nzima na nauli mbili. Kabla hujapanda gari, mpigie mtendaji wako akuhakikishie ofisa yupo, na ubebe nakala za kila kitu: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, cheti cha darasa la saba, kitambulisho cha mzazi, risiti za michango ya kijiji. Risiti hizo wengi huzitupa. Kwa mtu anayetafuta kuthibitisha kwamba amekaa kijijini tangu mwaka fulani, risiti ya mchango wa darasa yenye tarehe na muhuri imekuwa na uzito kuliko maneno ya wazee watano.

Anayetaka kujua kama namba yake ya NIDA imetoka apige *152*00# na kufuata maelekezo ya utambuzi. Namba kamili ina tarakimu 20. Ikiwa umeambiwa namba yako ina chini ya hapo, rudi ulikoambiwa.